MJADALA: Miombo tuichome mapema, au moto upigwe marufuku kabisa?

Hoja iliyo mezani: kila mwaka, Agosti hadi Oktoba, moto kichaa hupita kwenye misitu mikavu ya miombo ya Lindi, Tabora na Katavi. Wapo wanaotaka vijiji vyenye misitu ya hifadhi vichome vyenyewe mara mvua zinapokatika, ili nyasi zisisubiri kiangazi kikali. Wengine wanasema moto ni moto. Leteni sababu.

Bwana misitu, Lindi
Tuchome mapema. Ushahidi uko jirani, Ndola, Zambia. Tangu miaka ya 1930 viwanja vya miombo pale viligawanywa: kimoja kikichomwa mwanzo wa kiangazi, kingine mwishoni, cha tatu kikikingwa kabisa. Kile cha mwishoni kiligeuka nyasi tupu na visiki vinavyochipua na kuungua upya. Cha mapema kilibaki miombo. Juni nyasi bado zina unyevu na moto unatambaa chini. Oktoba zimekuwa karatasi, halafu miti imeshatoa yale majani mekundu machanga kabla ya mvua. Moto ukiyakausha, mti unatoa mengine kwa akiba ya mizizi, na mwakani hivyo hivyo mpaka akiba iishe.

Mpinga moto
Mkuu, cha tatu umekiruka. Kilichokingwa kilikuwaje?

Bwana misitu, Lindi
Kilifunga. Miti na vichaka viliongezeka, nyasi zikapungua kwa kukosa mwanga. Sikatai. Lakini kile ni kiwanja kidogo chenye barabara za moto (kanda zilizosafishwa kuzuia moto) pande zote. Msitu wa kijiji wa hekta elfu kadhaa unalindwa na kamati ya watu wachache wenye baiskeli. Ukikinga miaka minne halafu mwindaji akaangusha kijinga cha moto mwaka wa tano, mrundikano wa miaka yote hiyo unawaka kwa siku moja.

Mfuga nyuki, Sikonge
"Mapema" ya nani? Huku mti wa muva bado una maua mvua zinapoisha, na asali inategemea hayo. Ukichoma Mei kwa sababu kalenda ya wilaya imeandika Mei, moshi na joto vinapita chini ya maua na mizinga. Ila nasi tuna kosa letu: bado kuna wanaorina kwa kienge cha nyasi, kisha wanakitupa chini. Bomba la moshi lenye mfuniko linamaliza hilo.

Kikosi cha moto, Mafinga
Tarehe haifai kuwa kipimo. Chukua konzi ya nyasi, ikunje. Zikipinda bila kukatika, moto utaunguza vipande na kuacha vipande, na ndicho tunachotaka. Zikikatika kwa mlio, umechelewa, funga kiberiti.

Utaratibu wenyewe: safisha kwanza ukanda hadi udongo uonekane, upana usiopungua mara mbili au tatu ya urefu wa nyasi. Nyasi za mita 2 zinataka mita 5 au 6, si ile njia ya mguu mnayoiita barabara ya moto. Washa saa kumi jioni na si saa nne asubuhi, ili umande uje kuuzima. Anzia upande upepo unakokwenda, moto urudi polepole dhidi ya upepo, upate ukanda mweusi wa mita 10 hadi 20. Hapo ndipo unawasha ubavuni. Watu wawe nyuma ya ukanda na matawi mabichi, reki na mabomba ya maji ya mgongoni.

Makosa mengi hayatokei jioni ile. Yanatokea kesho yake saa sita mchana, gogo lililooza au kinyesi cha tembo kikiwa bado kinafukiza, upepo ukiamka. Asubuhi pitia mpaka wote. Weka mgongo wa kiganja karibu na kila gogo bila kuligusa. Likitoa joto, lipasue, limwagie maji, changanya na udongo.

Na kibali. Sheria ya Misitu ya 2002 inakitaka, kwa hiyo ombeni Machi. Mkiomba nyasi zikishakauka, kibali kitawakuta mmeshachelewa.

Mpinga moto
Na Usambara, Uluguru, Udzungwa?

Bwana misitu, Lindi
Ndani ya msitu wa mvua, hapana, hata mara moja. Miti ile haina gome la kuhimili moto. Ukiunguza ukingo, magugu yanashika, yanakauka, yanaungua tena, na ukingo unarudi ndani. Hayo ya juu ni ya miombo tu.

Mchangiaji, Kilwa
Mnabishana kuhusu kiberiti, shoka mmelisahau. Takwimu zinazotumika serikalini ni hekta 469,420 za msitu kupotea kwa mwaka, nyingi kwa mashamba, na mkaa upo. Ukitoa miti mikubwa, mwanga unafika chini, nyasi zinapanda hadi kichwani, upepo unapita bila kizuizi. Moto wa msitu uliokatwakatwa ni mkali kuliko wa msitu uliofunga, hata tarehe ikiwa moja. Na tanuri za mkaa nazo zinapasuka usiku bila mtu; angalau zisafishiwe mita 5 kuzunguka.

Mpinga moto
Hilo linanipa nguvu. Mche wa mninga unaungua hadi chini kila mwaka na kuchipua upya kwenye mzizi, miaka mingi, mpaka siku shina lipite urefu wa moto. Mkichoma kila Juni, hata taratibu, utapita lini?

Kikosi cha moto, Mafinga
Hapo una haki. Kuchoma eneo zima kila mwaka ni uvivu. Gawa msitu vipande vitatu au vinne, choma kimoja kwa zamu, pamoja na mipaka yote. Kwenye kipande cha zamu, fyeka duara la mita 1 kuzunguka kila mche uliofika kiunoni, na majani uliyofyeka yatupe mbali. Miche iliyo chini ya kiuno iache. Itaungua na kuchipua kama kawaida yake.