Chila ya kupozwa kwa hewa inakata kila mchana, zamu wanabonyeza reseti tu. Naombeni ushauri

fundi_zamu
Habari zenu wakuu. Nipo kiwandani upande wa matengenezo. Tuna chila (mashine za kupoza maji) mbili za kupozwa kwa hewa, gesi R410A, zinapeleka maji ya baridi kwenye moldi za mashine za plastiki. Maji yanatakiwa yatoke nyuzi 7 na yarudi 12. Tangu msimu wa joto uanze, ikifika saa nane mchana namba moja inakata, alamu inasema presha ya juu. Zamu nyingine wao ni kubonyeza reseti. Inawaka, inakaa kidogo, inakata tena. Namba mbili inabebeshwa mzigo wote mpaka nayo inaanza kulalamika. Maji yakifika nyuzi 18 bidhaa zinatoka zimepinda, na hapo simu ya bosi haipoi.

Naomba kujua, ikikata mnaanza na nini? Kumwagia koili (ile sehemu ya mabomba na pezi inayotoa joto nje) maji kwa mpira ni sawa, au ndiyo tunaiua? Halafu kuna fundi wa nje ameshauri tuipandishe swichi ya presha ya juu "ili ivumilie". Nawasilisha.

Nyundo
Swichi ya usalama ivumilie? Huyo msimruhusu hata kushika bisibisi.

MzeeKompresa
Mleta uzi, hiyo swichi usiiguse. R410A hewa ikiwa nyuzi 35 kwa kawaida inafanya kazi karibu na bar 30 upande wa presha ya juu. Mashine nyingi za gesi hiyo zinakata kwenye bar 42 hivi, maana yake gesi inageuka kimiminika kwenye nyuzi kama 65. Ukifika huko mafuta yanaanza kuungua na kompresa inachemka. Swichi inakuokoa, wewe unataka kuinyamazisha.

Ikikata, kwanza soma alamu na uandike presha, joto la maji na ampea kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe. Reseti inafuta ushahidi, na kila kuwaka kunaichemsha mota upya. Pili, punguza mzigo. Zima mashine za plastiki zinazoweza kusubiri. Kama chila ina kompresa zaidi ya moja kwenye mzunguko mmoja, zuia moja na uache feni zote zizunguke. Koili ile ile sasa inatoa joto la nusu tu, presha inashuka. Chila inayotoa nusu mfululizo itakufaa kuliko inayotoa yote kwa dakika kumi kisha ikalala.

Baada ya hapo tembea kuizunguka. Feni zote zinazunguka? Zinapuliza juu? Feni moja ikifa, zile nyingine zinavuta hewa kupitia tundu lake badala ya kuivuta kwenye koili, na mara nyingi hiyo iliyokufa utaiona inazungushwa kinyumenyume, mtu wa mbali akadhani ni nzima. Weka karatasi mbele ya koili: ikinata, hewa inapita. Isiponata, pezi (vile vibati vyembamba vya koili) zimejaa uchafu.

Maji kwa mpira ni dawa ya dharura tu. Yakiwa na chumvi, baada ya wiki chache koili inakuwa na gamba jeupe na hapo umejitengenezea ugonjwa mpya. Ukilazimika, nyunyiza kidogo kidogo, mbali na paneli ya umeme na mota za feni. Kuosha ni habari nyingine: zima, funga umeme kwa kufuli, osha kwa presha ndogo, maji yatoke ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikoingilia. Ile mashine ya kuoshea magari ukiielekeza kwenye pezi zitalala zote.

dada_umeme
Naongezea upande wangu. Pima voltaji za fezi zote tatu mashine ikiwa kazini, si ikiwa imezimwa. Tofauti kati ya fezi ikifika asilimia 3.5, joto la mota linaongezeka kwa karibu robo nzima. Na mkiwa na jenereta, hakikisheni mpangilio wa fezi ni ule ule kila mnapohamia huko. Kompresa za skroli na za skrubu zikizungushwa kinyume zinajiua. Kifaa cha kulinda fezi kipo kwa kazi hiyo, kisirukwe.

Umeme ukiwa ulikatika muda mrefu, msiwashe papo hapo kwa kuwa bosi amesimama mlangoni. Hita ya mafuta chini ya kompresa inahitaji kuwa imewaka saa 12 hadi 24, la sivyo gesi iliyoingia kwenye mafuta inachemka mara moja na kutoka nje pamoja na mafuta yenyewe.

Kivuli
Mkuu, kuna kitu kimejengwa karibu na hizo chila hivi karibuni?

fundi_zamu
Asanteni wote. Kivuli, umejuaje? Waliziwekea paa la bati "zisipigwe na jua". Leo nimepima: pembeni kwenye kivuli hewa ni nyuzi 34, lakini hewa inayoingia kwenye koili ya namba moja ni 47. Feni zote nzima, zinapuliza juu. Karatasi inanata vizuri upande mmoja, upande wa ukutani inateleza chini.

Kitu kingine, sijui kama kinahusu: nilipofungua paneli ya namba mbili nimekuta swichi ya mtiririko wa maji imeunganishwa kwa waya, yaani imerukwa. Wenyeji wanasema ni ya zamani, ilikuwa inasumbua.

Kivuli
Nimejua kwa sababu hiyo ya paa naiona kila msimu. Feni inapuliza hewa ya moto juu, bati linairudisha, koili inaimeza tena. Jua lenyewe linaongeza kidogo sana ukilinganisha na hilo. Ng'oeni bati.

MzeeKompresa
Jibu la mchana umelipata: 47 ikiingia, ongeza tofauti ya nyuzi kama 15 kati ya hewa na gesi inayogeuka kimiminika, uko kwenye 62, na uchafu wa upande wa ukutani unakusukuma mpaka bar 42. Koili oshwe, bati liondoke.

Sasa achana na hilo kidogo. Huo waya uutoe LEO. Presha ya juu inakukatia uzalishaji, lakini huo waya unakuulia chila. Pampu ikisimama, au chujio likiziba, kompresa haijui. Inaendelea kunyonya joto kwenye maji yaliyosimama, hasa kama evaporeta (pale gesi inapopoza maji) ni ya sahani ambayo inabeba maji machache, na ndani ya muda mfupi yanaganda. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9. Chuma kinapasuka. Na hutajua wakati huo huo: barafu inaziba ufa wake yenyewe. Ikiyeyuka ndipo maji yanaingia kwenye gesi, yanafika kwenye kompresa, na unabadilisha kila kitu.

Ukishuku imeganda, zima kompresa, acha pampu itembee kama maji yanapita, yayeyuke taratibu. Usiwashe. Tazama kile kioo kidogo kwenye bomba la gesi, kidoti cha kijani kikigeuka njano kuna unyevu ndani. Fungua tundu la kutolea hewa kwenye bomba la maji; likitoa mapovu yasiyoisha na kigunduzi cha gesi kikalia, evaporeta imepasuka. Funga valvu za maji pande zote mbili hapo hapo.

Na swichi "inayosumbua" mara nyingi inasema kweli. Fungua chujio kabla hujailaumu.

fundi_zamu
Nimetoa waya. Chila imekataa kuwaka, alamu ya mtiririko. Tumefungua chujio: limejaa kutu na vipande vya ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za mabomba. Tumesafisha, imewaka, tofauti ya maji ya kuingia na kutoka imerudi nyuzi 5 kutoka 9. Bati la namba moja limeng'olewa nusu, mchana wa leo presha ya juu zaidi ilikuwa bar 34.

Bosi sasa anauliza, siku ikifa moja kabisa tunafanyaje?

Nyundo
Bosi kaanza kuuliza maswali mazuri, mshike hapo hapo.

MzeeKompresa
Mkizima kwa matengenezo, wekeni matawi mawili kwenye mabomba makuu, la kwenda na la kurudi, yenye valvu na kifuniko cha bolti, mahali ambapo lori linafika. Siku hiyo chila ya kukodi inaunganishwa kwa mipira bila kukata bomba wala kumwaga maji ya mfumo. Wekeni pia sehemu ya umeme yenye breka yake, dada_umeme atakwambia ukubwa. Na kabla ya hapo, mtu wa zamu aandike kila siku presha zote mbili, ya juu na ya chini, joto la hewa inayoingia kwenye koili, maji ya kuingia na kutoka, na ampea. Tofauti ya 5 mpaka 9 haikufika kwa siku moja.

dada_umeme
Nitumie ampea za juu zilizoandikwa kwenye kibati cha chila kubwa zaidi mnayoweza kukodi, siyo za hizi mlizonazo.