Tupeane uzoefu: mliowahi kucheza zydeco na Cajun huku Marekani

Habari zenu wadau. Najua humu wengi ni rumba na singeli, ila lazima wapo waliojikuta kama mimi kwenye ngoma za kodiani za watu wa Louisiana: zydeco ya Wakrioli weusi, na Cajun ya weupe wa asili ya Kifaransa. Naanza na yangu.

Niko Maryland. Jumapili moja mfanyakazi mwenzangu alinipeleka Glen Echo Park. Zamani palikuwa mahali pa bembea na michezo, na sisi tulichezea kwenye banda la vile vigari vya kugongana. Kwanza mnafundishwa, halafu bendi inaanza. Mwalimu aliwapanga watu duara, akipiga kofi mnabadilishana wenzi. Jasho likanitoka! Mimi mtoto wa Tanga, nimeshikwa kiuno na mzee wa rika la baba yangu mzazi, nusura nimpe shikamoo. Nikainamisha macho tu. Akacheka: "Viatu vyako havikimbii popote, tazama juu."

Baadaye nikaja kujua kwamba pale pale, mwaka 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliandamana kwa sababu Weusi walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Waliruhusiwa 1961. Na zydeco ni muziki wa Wakrioli weusi, yaani Weusi wa Louisiana wenye lugha ya asili ya Kifaransa! Hilo limenikaa kichwani kuliko hatua zenyewe.

Haya, leteni zenu.

Mama Houston: Dada, huku kwetu ni ukumbi wa parokia, Jumamosi usiku. Watu wa Louisiana waliohamia Texas kutafuta kazi walikuja na Ukatoliki wao na kodiani zao. Mara ya kwanza nilidhani ni harambee: unalipa mlangoni, ndani kuna gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, na wali, watoto wanakimbizana chini ya meza. Kisha nikamwona jamaa kavaa bati. Bati la migongo kabisa, kama la kuezekea, limepinda mabegani na kushuka hadi tumboni, naye analikwaruza kwa vifungulio vya soda. Zamani walikwaruza ubao wa kufulia. Clifton Chenier, yule waliyemwita mfalme wa zydeco, ndiye aliyemwelekeza fundi mmoja wa Port Arthur, huku Texas, amtengenezee hilo la kuvaa, mwaka 1946.

Msivae raba, nawaomba. Inanata sakafuni: mwili unageuka, goti linabaki. Nilichechemea wiki nzima.

Mtu wa Kisangani: Miye kodiani ilinikumbusha Camille Feruzi, mpiga kodiani wetu wa Kongo, kwenye redio ya marehemu baba, nikajiona mwenyeji. Kosa! Ilipopigwa valsi ya Cajun nikasimama katikati ya ukumbi natikisa kiuno. Kumbe valsi watu wanazunguka ukumbi mzima, kinyume cha saa. Wamenigonga wawili wawili mpaka mzee mmoja akanivuta pembeni. Akasema valsi ni safari, zydeco ndiyo ya kubaki hapo hapo, magoti yalegee. Polepole, haraka, haraka. Basi.

Mkenya Mtulivu: Mimi niliomba mama fulani tucheze, akakataa. Nikaomba tena, akakataa. Nikachukua koti nikaenda zangu, nimekasirika vibaya, nikijiambia ni rangi yangu. Wiki iliyofuata yeye ndiye alikuja kuniomba, maana huko wanawake pia huomba. Kumbe siku ile kifundo cha mguu kilikuwa kimefura. Singeuliza, ningekuwa bado na kinyongo.

Mama Houston: Na wewe kuomba mara mbili usiku mmoja, ndugu yangu! 😂

Mgeni wa Jiji: Swali la mjinga: zydeco maana yake nini?

Mtu wa Kisangani: Wenyewe husema ni "les haricots", maharage, ukilitamka haraka Kikrioli. Kuna msemo wao kwamba maharage hayana chumvi, yaani maisha magumu, hata kipande cha nyama ya chumvi cha kuungia hakuna.

Mwanzisha mada: Asanteni jamani. Mama Houston, nimekusikia. Nimetoa kabatini vile viatu vya harusi vya soli ya ngozi, viko mlangoni vinangoja Jumapili. Mume wangu kaviona, anauliza nani anaolewa.