Mama ana miaka 73, kwa hiyo Nairobi hii hakuna mlango wake?

Wadau, leo nimechemka, mnivumilie.

Jumamosi nilikuwa Umoja na mama tukitafuta nyumba. Tukapata chumba kimoja cha chini, maji karibu, choo cha kukalia, 5,500. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, alikuwa ametabasamu hadi hapo nilipomwambia anayehamia si mimi, ni huyu mama. Akaitazama bakora ya mama, akanivuta kando: "Bro, mwenye ploti hataki wazee. Shosho akifia humu ndani, huo mlango utachukuliwa na nani tena?"

Mama alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Kilichoharibika kwake ni magoti, si masikio.

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza alidai dipositi ya miezi mitatu "kwa sababu ya umri". Wa pili alisema nyumba imeshachukuliwa. Jioni nikapita hapo, tangazo bado liko getini.

Kwa sasa mama anakaa ghorofa ya tano huko Kayole, maana kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Lifti hatujui ni nini. Mfereji ukikauka, kijana humpandishia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 50. Watoto wa ghorofa ya pili humwekea stuli ya plastiki kwenye ngazi. Akifika anaketi, anapumua, ndipo aendelee. Siku stuli haipo, husimama akashika chuma na kujifanya anatafuta simu mkobani. Juzi nimegundua hajaenda kliniki ya presha miezi miwili. Nilidhani bado ana dawa, kumbe anaogopa kurudi juu!

Na kabla hamjaniambia nimpeleke ushago: ushago wapi? Alikuja Nairobi 1974, akafua nguo za watu, akauza mitumba Gikomba. Kishamba cha marehemu baba kiliuzwa na ndugu zake hata matanga hayajaisha. Kwangu tuko watano kwenye chumba kimoja.

Halafu kuna hii habari ya nyumba za bei nafuu. Nalipwa 26,000 kwenye godauni hapa Industrial Area, na kila mwezi nakatwa 390, ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na mwajiri anaongeza kama hiyo. Sina shida kuchangia. Lakini bedsita za Mukuru zilitangazwa kwa 3,900 kwa mwezi, unalipa miaka 30 ndipo iwe yako. Nilipomweleza mama akacheka mpaka akakohoa. "Nikiwa na miaka 103? Hizo funguo mtaniwekea kaburini?"

Na hiyo 3,900 aitoe wapi? Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi. Ilikuwa 2,000 mwaka wa 2018 mpango ulipofunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70, na ni 2,000 leo, tena ikichelewa unangoja miezi. Kodi ya Kayole tu, 4,500, ni zaidi ya mara mbili ya hizo pesa. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee aishi kwa heshima na apate matunzo kutoka kwa familia na serikali. Upande wa familia ninaujua, ndio huu unaandika hapa saa tano usiku.

Makao ya wazee nayo nimeuliza. Kaunti ina Mji wa Huruma kule Runda, masista wana Nyumba ya Wazee Kasarani, na hizo ni nafasi za wasio na mtu kabisa. Mama ana mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi. Makao moja ya kulipia, jina silitaji, waliponitajia bei ya mwezi nilikata simu kwa aibu. Inapita mshahara wangu.

Ninachoomba si hisani. Kwenye kila jengo linalojengwa kwa hizo 390 zetu, vyumba vya chini wapangishiwe wazee, wapangishiwe tu, bila hesabu ya miaka 30. Mzee hanunui nyumba jamani, anataka mahali pa kuweka kitanda na mlango usio na ngazi.

Anayejua chumba cha chini, Kayole hadi Umoja, kisichozidi 5,500, na mwenye ploti asiyeuliza umri, anitumie inbox. Notisi ya Kayole lazima niitoe kabla ya tarehe 30.