Pistoni za 3L: za kusubu, za kufua, au nusu injini ya mtumba?

HaisiYaMarangu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina Hiace yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L (ni jina, si lita tatu), inapiga ruti ya Moshi–Marangu, abiria na mikungu ya ndizi, kupanda na kushuka tangu alfajiri. Wiki mbili zilizopita ilichemsha mlimani. Dereva akaizima, ikapoa, ikawaka. Tangu siku hiyo inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na asubuhi ikiwa baridi inagonga. Jana tumefungua. Pistoni namba 3 imekwaruzika sketi (ukuta wake wa chini) pande zote mbili, na silinda yake ina mikwaruzo inayoshika kucha. Zile tatu nyingine kwa macho ni nzima.

Kila mtu ananiambia lake. Fundi wangu anataka nichonge silinda zote na kufunga pistoni za kawaida za ovasaizi 0.50, yaani nene kwa mm 0.50 kuliko za awali. Dukani wana seti nyingine isiyo na jina la mtengenezaji, nusu ya bei. Binamu yangu aliye Dubai anasema ataniletea "fojedi", nisahau habari ya pistoni maisha yangu yote. Na jirani ananishawishi ninunue nusu injini ya mtumba, yaani injini iliyotumika bila vifaa vya pembeni. Gari hili linasomesha watoto wawili, sitaki kufungua injini mara mbili. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

FundiWaGerezani (Dar es Salaam)

Pole sana dada. Kabla ya pistoni, jibu hili: kichwa cha pistoni namba 3 kikoje? Kama kimeliwa au kimeyeyuka pembeni, mtuhumiwa wa kwanza ni nozeli ya mafuta inayochuruza. Kama kichwa kiko safi na sketi ndiyo imekwaruzika, basi joto lilizidi au oili haikufika. Ukifunga pistoni ya dhahabu na rejeta ni ileile iliyoziba, utarudi hapa baada ya miezi mitatu.

HaisiYaMarangu

Kichwa kiko safi, masizi ya kawaida tu. Rejeta tumeifungua leo, zaidi ya robo ya mirija haipitishi maji.

FundiWaGerezani

Basi muuaji umempata. Sasa pistoni.

Elewa kwanza kwa nini ilikwaruzika. Pistoni ni aluminiamu, bloki yako ni chuma cha kusubu. Aluminiamu ya pistoni inavimba kwa joto karibu maradufu ya chuma. Silinda ya 3L ina kipenyo cha mm 96: kwa kila nyuzi 100 za joto pistoni inaongezeka kama mm 0.19, silinda mm 0.1 tu. Ndiyo maana pistoni si duara kamili. Ukiipima kwa maikromita, upande wa pini (inayoiunga na mkono wake) ni mwembamba kuliko upande wa sketi, na juu ni nyembamba kuliko chini, kwa sababu juu ndiko kwenye moto. Inapopata joto la kazi ndipo inakaa sawasawa ndani ya silinda. Maji yakikata, hesabu yote inavurugika, oili inakimbia, pistoni inagusana na ukuta wa silinda.

Pistoni za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, huwa na silikoni karibu asilimia 12. Silikoni hupunguza kuvimba na kuongeza ugumu. Kwa injini yako isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada), hizo ndizo kiwanda kilichagua na zinafanya kazi maelfu kwa maelfu ya kilomita. Mimi nipo upande wa fundi wako, ila silinda ichongwe baada ya pistoni kufika mezani, si kabla. Kila pistoni ipimwe, silinda yake ichongwe kuifuata.

Rali_Naks (Nakuru)

Hamjambo nyote. Hiyo ya fojedi wacha niijibu kwa sababu nimefunga nyingi kwenye magari ya mashindano. Fojedi ni pistoni ya kufua: kipande cha aluminiamu kinagandamizwa kwa nguvu kubwa badala ya kumiminwa, kama mhunzi anavyofua jembe. Chembe zake zinabanana, haina vishimo vya hewa ndani, na ikizidiwa inapinda kabla ya kuvunjika.

Lakini ziko aina mbili, na wauzaji wengi hawakwambii. Zinajulikana kwa namba ya aluminiamu yake. Ukisikia 4032, ina silikoni karibu asilimia 12, inavimba kama ile ya kusubu, na inaweza kufungwa kwa nafasi ndogo kati yake na silinda. Ukisikia 2618, silikoni karibu hakuna. Ni ngumu kupasuka kuliko zote, ila inavimba zaidi, kwa hiyo inafungwa na nafasi kubwa. Asubuhi itagonga mpaka ipate moto, na mifereji yake ya ringi (pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda) inachakaa mapema. Kwa injini inayofunguliwa baada ya kila msimu, hilo si neno. Kwa Hiace ya abiria inayowashwa na kuzimwa mara ishirini kwa siku, ni hasara.

Tena angalia kazi yenyewe. Injini ya Subaru EJ20 ina stroku (urefu wa safari ya pistoni) ya mm 75. Ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, pistoni inakwenda wastani wa mita 18.75 kwa sekunde. 3L yako ina stroku ya mm 96, na hata ikifika 4,000 ni mita 12.8. Nguvu inayoivuta pistoni pale juu hukua kwa mraba wa mizunguko. Hiyo ndiyo inayohitaji pistoni ya kufua. Wewe huna tatizo hilo, una tatizo la joto.

Dogo_wa_Arusha

Mimi ningemshauri dada akifungua hivi aweke na tabo kabisa, mlima ule ataupanda kama tambarare.

Rali_Naks

Usimpoteze dada, ndugu yangu. 3L inabana hewa zaidi ya mara 22. Tazama Toyota wenyewe walivyofanya kwenye Land Cruiser: 1HZ isiyo na tabo inabana zaidi ya 22 kwa 1, lakini 1HD-T yenye tabo, silinda ileile ya mm 94 na stroku ileile ya mm 100, waliishusha hadi 18.6, wakabadilisha na umbo la pistoni, bakuli la kuchomea mafuta likahamia kichwani mwake. Hawakubandika tabo juu ya pistoni za zamani wakaita kazi imekwisha.

MzeeWaKilindini (Mombasa)

Mwanangu wa Marangu, pole. Nimeendesha na kutengeneza malori tangu ujana wangu. Huku kwenye malori makubwa ya sasa pistoni ni za chuma cha pua ya moto, si aluminiamu. Zina nguvu, ni fupi, na kwa kuwa zinavimba sawa na bloki, nafasi haibadiliki sana. Mercedes-Benz mwaka 2014 walizileta hata kwenye dizeli ya V6 ya gari dogo. Ila chuma hakipitishi joto vizuri kama aluminiamu, lazima pistoni iwe na mfereji wa oili ndani na bomba la kuirushia kutoka chini. Kwa hiyo ukiona mtu anauza pistoni ya chuma kwa injini ambayo haikubuniwa nayo, mpite.

FundiWaGerezani

Shikamoo mzee. Kuhusu neno "chuma cha pua ya moto", tuliweke wazi kwa wasomaji: ni chuma cha pua cha kufua, si kile kisichoshika kutu.

MzeeWaKilindini

Marahaba. Umesahihisha vema, ndivyo nilivyokusudia.

Salma_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Nauza vipuri, si fundi, lakini hizo seti zisizo na jina nazijua. Dada, mfereji wa ringi ya kwanza ndio unaopigwa zaidi kwenye dizeli. Pistoni nzuri za dizeli huimarishwa hapo: ama pete ya chuma chenye nikeli inasubiwa ndani, utaiona kama mstari wa rangi nyingine, ama nyuzi za kauri, ambazo Toyota walianza kuzitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pistoni ikiwa aluminiamu tupu mpaka kwenye mfereji, ringi itaanza kucheza mapema na moshi utarudi. Pia zipime zote nne kwenye mizani. Seti ya heshima hutofautiana gramu chache. Niliwahi kupima seti moja ya bei rahisi, pistoni mbili zilipishana gramu 19. Niliirudisha siku hiyohiyo.

Na nusu injini ya mtumba, mimi ningeikubali tu kama muuzaji anakuruhusu kupima kompresheni (mbano wa hewa) na kufungua sampu (bakuli la oili la chini). Vinginevyo unanunua ugonjwa wa mtu mwingine.

HaisiYaMarangu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimerudi na vipimo. Silinda tatu zimechakaa kidogo juu kuliko chini, ya 3 imeharibika. Mchongaji anasema 0.50 inatosha kusafisha zote. Nimechukua pistoni za kusubu zenye jina, mstari wa pete unaonekana, na mizani ilionyesha tofauti ya gramu 3 kati ya nyepesi na nzito. Rejeta mpya imeshafungwa, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) imepelekwa kupimwa kama imepinda. Swali la mwisho: fundi msaidizi alitaka kufunga pistoni bila kujali mshale ulio kichwani, anasema ni alama ya kiwanda tu.

FundiWaGerezani

Mzuie hapohapo. Mshale uelekee mbele ya injini. Pini haikai katikati kabisa, imesogezwa kidogo upande mmoja ili pistoni isigonge ukuta inapogeuka juu. Ukiigeuza, utasikia ule mgongano wa asubuhi ukirudi kwenye injini mpya.

Na kabla ya kuvisha ringi, sukuma kila moja ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya). Ncha zikigusana zikipata moto, ringi itavunjika na kuchana silinda uliyoilipia. Tuma vipimo vya mwanya hapa kesho kabla hajafunga, nitakuwepo kuanzia saa mbili.