Hela ya Azam inafika kwa timu za chini?

Mdau_Majengo (Moshi): Wadau, mkataba wa runinga wa Azam na TFF (shirikisho la soka Tanzania) wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Timu ya Championship (ligi ya chini ya Ligi Kuu) pale uwanja wa Ushirika inaambulia nini?

Kaloleni: Mkuu, hizo ni haki za Ligi Kuu. Ukishuka, mgawo unabaki juu, mikataba ya wachezaji unashuka nayo. Uingereza anayeshuka hulipwa 55% ya fungu la usawa (hela ya runinga ambayo klabu zote za Ligi Kuu hugawana sawa) mwaka wa kwanza, 45% wa pili, 20% wa tatu kama alikaa Ligi Kuu zaidi ya msimu mmoja. Nako wanalalamika: unashindana na mwenye mfuko mnono.

Unga_Ltd: Msisubiri runinga. Mchezaji akiuzwa nje mkataba wake haujaisha, FIFA inataka 5% ya ada igawiwe klabu zilizomlea toka miaka 12 hadi 23. Kuanzia 16, kila msimu ni 0.5%. Ukimlea misimu mitatu akauzwa milioni 200, chako milioni 3. Kinachokwamisha ni usajili: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la leseni, au dogo alichezeshwa bila kusajiliwa. Msimu huo hudai kitu.

Mdau_Majengo: Na akienda Simba?

Unga_Ltd: Ndani ya nchi hiyo 5% haipo, kaka. Weka asilimia ya mauzo yajayo kwenye makubaliano kabla hujasaini barua ya kumwachia.