MREJESHO: Pikapu ya dizeli iliyogoma kuwaka asubuhi

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kuhusu pikapu ya zamani, silinda 4, ambayo asubuhi haiwaki mpaka upampu dizeli kwa mkono. Aliyeshauri nifunge mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kuu ya dizeli ya injini alipatia kabisa: vipovu vilipita mfululizo. Hewa iliingilia kwenye pampu ya mkono juu ya filta. Kiwambo chake (utando unaobonyea ukipampu) kilikuwa na ufa mwembamba, ila nje hapakuvuja hata tone, maana upande ule dizeli inavutwa, haisukumwi. Nimeibadilisha pamoja na klipu 2 za mipira. Sasa inawaka mara moja.

Kusafisha nozeli (zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda) hakukusaidia. Moshi mweupe wa dakika moja bado upo: plagi ya kupashia (inayopasha silinda moto kabla ya kuwasha) ya silinda ya 3 imekatika ndani, mita haisomi chochote. Nasubiri mpya.