Kikundi cha mtaani kinaomba ruzuku ya ujumuishi wa kidijitali: tuanzie wapi?

Katibu wa Kikundi, Kayole

Hamjambo wenzangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii hapa Kayole, Nairobi, ambacho huwasaidia wazee, wafanyabiashara wadogo na watu wasioona kutumia huduma za serikali zilizohamia mtandaoni. Hapo awali waliofika walikuwa wachache, lakini tangu huduma nyingi ziingizwe katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hasa tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, mnamo Oktoba 2024, wanaotujia wamezidi uwezo wetu. Karibu wote wana simu. Kinachowashinda ni kujisajili na kuingia katika akaunti zao wenyewe, kwa hivyo wanalipa saiba, yaani vibanda vya kompyuta na intaneti, kila mara, na huko wanaacha nambari za siri mikononi mwa watu wasiowajua.

Tuna chumba tulichopewa na kanisa bila malipo, tarakilishi chache zilizokwisha kutumika, na vijana wanaojitolea. Tumeona matangazo ya ruzuku za ujumuishi wa kidijitali na ubunifu, mengine ya mashirika ya nje na mengine ya humu nchini, na tungependa kuomba. Ningeomba ushauri kuhusu mambo haya. Je, kikundi kilichosajiliwa na ofisi ya Maendeleo ya Jamii kinaweza kuomba moja kwa moja kwa wafadhili wa nje? Bajeti ielekezwe wapi, ikizingatiwa kwamba wanachama wengi wanataka tununue tarakilishi 20 mpya na mimi nina shaka? Tena, kuna mtu aliyejitokeza kutuandikia andiko la mradi kwa asilimia 10 ya fedha zitakazopatikana, pamoja na ada anayosema ni ya kufungua faili kwa mfadhili. Je, tumkubalie?

Msomaji wa Maombi, Ngara

Ndugu Katibu, nimewahi kuketi katika kamati za kuchambua maombi ya aina hii, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Msimkubalie. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kufungua faili, na yeyote anayedai kuipokea kwa niaba yake anawatapeli. Kuhusu asilimia 10, mkataba wa ruzuku kwa kawaida huruhusu matumizi yaliyomo katika bajeti iliyoidhinishwa tu, tena yale yaliyofanyika baada ya mkataba kutiwa saini. Fedha za kumlipa mwandishi huyo hazitakuwa na mahali pa kuandikwa, na hapo mweka hazina wenu atajikuta akitafuta stakabadhi za uongo ili kuziba pengo. Kikundi kikifika hapo kimekwisha, hata kama kazi yake mtaani ni njema.

Kuhusu usajili, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inawatambua, mradi muwe wanachama wasiopungua kumi, muwe na katiba na viongozi waliochaguliwa. Hakikisheni cheti hakijapitwa na muda. Kwa ruzuku nyingi ndogo za humu nchini, cheti hicho, akaunti ya benki ya kikundi na PIN ya KRA (mamlaka ya mapato) vinatosha. Wafadhili wa nje ni jambo jingine. Wakfu za Marekani, kwa mfano, hubanwa na sheria ya kodi ya kwao kuhakikisha kwamba anayepokea ana hadhi inayolingana na ya shirika la hisani, au kusimamia matumizi yake kwa karibu sana, na ndiyo maana nyingi huona ni nafuu kushughulika na shirika lenye hesabu zilizokaguliwa. Si lazima mkimbilie kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika Mei 2024, kwa ajili ya ombi moja. Tafuteni shirika lililokwisha kusajiliwa likubali kuwapokelea fedha, na muandikiane mkataba kabla ya kutuma ombi: litakata kiasi gani kwa kazi hiyo, nani atatia saini, na fedha zikifika zitawafikia baada ya muda gani. Makubaliano ya mdomo katika jambo hili yamevunja urafiki wa watu wengi.

Sasa niseme lile ambalo naliona kuu. Maombi mengi niliyosoma huanza na hali ya teknolojia duniani, yakaja Afrika, yakashuka Kenya, na yakifika mtaani nafasi ya maneno imekwisha. Mfadhili anaijua dunia. Asichokijua ni Kayole. Umetaja kwa kupita tu kwamba watu huacha nambari zao za siri saiba, na mimi naona humo ndimo ombi lenu lilimo. Fungueni daftari kuanzia leo, mwandike kila anayefika alitaka huduma gani na alikwama wapi. Mtagundua kwamba mmoja alifunguliwa barua pepe na kijana wa saiba ambaye hayupo tena, kwa hivyo hawezi kurejesha akaunti yake ya eCitizen. Mwingine laini yake ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe. Mwingine jina la kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye cheti cha kuzaliwa. Mkiweza kusema kwa uhakika ni watu wangapi walikwama katika kila kizingiti, na ni wangapi walitoka wakiwa na akaunti wanayoimiliki wenyewe, mtakuwa na andiko ambalo hakuna mwandishi wa kukodi angeweza kulitunga.

Shaka yako kuhusu tarakilishi 20 ni sahihi. Mzee anayetaka kujisajili kwa *147#, nambari ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, au kuangalia malipo yake ya afya ataendelea kutumia simu iliyo mfukoni mwake, kwa hivyo afundishwe kwa simu hiyo hiyo. Fedha ziende kwa wakufunzi wanaokaa naye mpaka aelewe: posho yao, nauli, bando na stima. Ubunifu ambao wafadhili wanautaja katika matangazo yao si lazima uwe programu mpya. Njia ya kumfundisha mama anayeuza mboga bila kumtoa kibandani kwake saa za biashara ni ubunifu, na uandikwe hivyo bila haya.

Mweka Hazina, Umoja

Nakubaliana na mengi ya mwenzangu wa Ngara, ila hapo kwenye posho ningeomba tahadhari. Wafadhili kadhaa huweka kikomo cha kiasi kinachoweza kwenda kwa malipo ya watu, na wengine hawalipi mishahara kabisa. Someni masharti yote kabla ya kuandika hata sentensi moja, na mkiona kazi yenu haiingii ndani yake bila kupindwa, acheni ombi hilo lipite. Wikimedia, kwa mfano, ina ruzuku ya haraka ya kati ya dola 500 na 5,000 ambayo hata kikundi kisicho shirika kinaweza kuiomba, lakini imekusudiwa kazi inayochangia miradi yake yenyewe kama vile Wikipedia. Kikundi cha kusaidia watu kwenye eCitizen kikijigeuza waandishi wa makala ili kupata fedha hizo kitapoteza miezi na kuwaacha wazee mlangoni.

Jambo ambalo vikundi vingi hulisahau ni thamani ya shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu na 130. Aliyepanga bajeti kwa bei ya Januari na kupokea fedha mwezi wa Juni alipungukiwa na karibu moja ya tano ya alichotegemea: kila shilingi 160 alizoziandika zilifika zikiwa 130. Kwa hivyo tumieni kiwango cha chini kuliko cha siku mnayoandika, ongezeni fungu la dharura kama linaruhusiwa, na mwulizeni mfadhili mapema mtafanyaje kiwango kikibadilika.

Kwa vifaa vichache mtakavyonunua, chukueni bei kutoka kwa wauzaji watatu pale Luthuli Avenue, kwa maandishi yenye muhuri. Malipo madogo yapitie M-Pesa kutoka laini moja iliyotengwa kwa kazi ya kikundi, ili taarifa yake iweze kuchapishwa na kulinganishwa na daftari. Wanachama wenu pia waelezwe kwamba Hazina ya Uwezo na ile ya Hasla (Hustler Fund), zote za serikali, hutoa mikopo, na mkopo hulipwa. Kwa upande wa serikali, ruzuku kwa vikundi mngeiulizia katika ofisi ya kaunti ya NGAAF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa kuwainua wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mkufunzi, Kawangware

Mimi sioni, na nafundisha wasioona kutumia tarakilishi na simu. Katibu, umetutaja katika swali lako, nami nashukuru, lakini naomba tusibaki sentensi moja katika andiko. Wafadhili huuliza siku hizi ni nani aliyeshiriki kuupanga mradi, na jibu la kweli linahitaji mtu asiyeona awe katika kamati yenu tangu sasa, akipewa kumbukumbu za mkutano kwa njia anayoweza kuzisoma.

Gharama yetu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. NVDA, programu inayosoma kilichopo kwenye skrini ya tarakilishi, haiuzwi, na sauti inayokuja nayo inaweza kusoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ngumu ambayo sikio huizoea. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani yake tayari. Kinachohitaji fedha ni vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu mtu hawezi kusomewa nambari yake ya kitambulisho kwa sauti mbele ya chumba kizima, na nauli ya anayemwongoza mwanafunzi kutoka nyumbani. Mwongozaji asipowekwa katika bajeti, mwanafunzi hatafika.

Tena, daftari lile mliloshauriwa kufungua litakuwa na habari za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata ninyi. Andikeni tatizo bila jina wala nambari ya kitambulisho, ombeni ridhaa kabla ya kupiga picha za ripoti, na muwe na kanuni kwamba mkufunzi hagusi simu wakati nambari ya siri inaandikwa. Sisi tusioona tumezoea kumpa mtu simu atuandikie, na wengine wameibiwa hivyo hivyo. Kanuni hiyo iandikwe ndani ya ombi, kwani inajibu lile tatizo la saiba ulilolieleza.

Katibu wa Kikundi, Kayole

Nawashukuru sana nyote. Nimewasomea wanachama majibu haya, na yule wa asilimia 10 tumemwambia hapana. Mkufunzi, tumekubaliana kumwalika mmoja wa wanafunzi wetu wasioona katika kamati, naye amekubali. Daftari limefunguliwa, bila majina. Swali moja limebaki: chumba hatukilipii kodi, na vijana hawalipwi kwa sasa. Fomu moja tuliyoisoma inauliza mchango wa mwombaji ni upi. Je, tuandike sifuri?

Msomaji wa Maombi, Ngara

Msiandike sifuri, kwa maana mnachangia sana. Ulizeni chumba cha ukubwa huo hukodishwa kwa kiasi gani hapo Kayole, mwombeni mchungaji au kamati ya kanisa barua inayosema mtakitumia kwa muda wote wa mradi, na muweke thamani hiyo katika safu ya mchango wenu. Saa za vijana zihesabiwe kwa kiwango kile kile cha posho mtakachoomba, na kuanzia sasa wawe wanatia saini kila wanapofika na kuondoka. Barua na karatasi za saini ziambatishwe kwenye ombi.